Chakula Kinarudi Mdomoni Kila Ukila? Siyo Lazima Viwe Vidonda vya Tumbo

Wadau, leo nasema kitu nilichokificha tangu kidato cha pili, nikisoma bweni hukuhuku Kyela. Nikimaliza kula tu, hata dakika kumi hazijapita, wali unarudi mdomoni. Kichefuchefu hakuna, tumbo haliumi. Unapanda wenyewe, na ladha ni ileile ya wali na usipa! Natafuna tena nameza, au nakwenda kutema.

Siku moja mwenzangu akaniona natema nyuma ya bweni. Kesho yake shule nzima: "Huyo ana mimba!" Nikapimwa, hamna. Nikapimwa tena, hamna. Nyumbani wakasema vidonda vya tumbo, nikanywa dawa miezi kadhaa bila nafuu. Bibi akasema kuna mkono wa mtu. Mimi nikaacha kula mbele za watu, nikakonda...

Kilichoniokoa ni swali la daktari mmoja: "Kinachorudi kina ladha gani?" Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo.

Tatizo hili linaitwa ruminesheni. Kwa Kiswahili chetu ni kucheua, kama ng'ombe. Ila ng'ombe kaumbwa hivyo ili asage majani vizuri, sisi haitusaidii kitu. Wala siyo jambo geni. Fabricius, daktari wa Italia, aliliandika mwaka 1618. Brown-Séquard (1817-1894), mwanasayansi mzaliwa wa Mauritius, inasemekana alijiletea mwenyewe: alikuwa anameza sponji zilizofungwa uzi na kuzivuta ili achunguze maji ya tumboni, mwisho akawa anacheua.

Inakuwaje? Ukishakula, misuli ya tumbo inajikaza bila wewe kujua. Chakula kinasukumwa juu, mlango wa juu wa tumbo unalegea, kinapanda. Mwili umejizoesha tu. Hufanyi makusudi, na hujarogwa.

Utaitambuaje?
- Inaanza muda mfupi baada ya kula, siyo usingizini.
- Hakuna kichefuchefu wala kujikamua kama kwenye kutapika.
- Chakula bado kina ladha yake. Kikianza kuwa kichachu, mara nyingi kurudi kunakoma. Kiungulia ni tofauti, chenyewe kinachoma na kuleta uchachu.

Tiba kubwa ni kupumua kwa tumbo. Kaa vizuri, mkono mmoja kifuani, mwingine tumboni. Vuta hewa taratibu kwa pua, mkono wa tumboni uinuke, wa kifuani utulie. Toa hewa polepole. Fanya hivyo mara tu ukimaliza kula, na kila ukihisi chakula kinataka kupanda. Misuli ya tumbo haiwezi kujikaza na kupumua hivyo kwa wakati mmoja, ndiyo siri yake. Mimi ilinichukua wiki kadhaa. Leo nakula wali na mbasa mezani na watu, natulia.

Angalizo: ukiona damu, chakula kinakwama kooni, unatapika na maumivu au unapungua uzito, wahi hospitali. Usijipangie dawa za duka la dawa. Na ukifika kwa daktari usione aibu, mweleze inaanza dakika ngapi baada ya kula na ina ladha gani. Hayo maelezo ndiyo yanayomwonyesha njia.

Na wewe unayemcheka mwenzako anayetema baada ya kula, kwanza muulize.

Je, mdau, yamewahi kukukuta? Tiririka hapo chini kwenye maoni, hata bila jina.