Kupenya si kutoboa: Jua la Garissa na istilahi za fizikia

JUA la Garissa halibembelezi mtu. Linazalisha umeme katika kituo kilichozinduliwa rasmi Desemba 2019, chenye uwezo wa takriban megawati 50. Lakini hebu tujiulize: jua lenyewe huwakaje?

Kwenye kitovu chake, penye joto la takriban nyuzi milioni 15 za Selsiasi, protoni huungana na kutoa nishati. Tatizo ni kwamba protoni zina chaji sawa, hivyo husukumana. Kwa hesabu za fizikia ya kale, joto hilo halitoshi kuzivusha kizuizi hicho. Ni kama kurusha mpira chini ya kimo cha ukuta: utagonga, urudi.

Jibu limo katika fizikia ya kwanta. Chembe ndogo ina tabia ya wimbi, na wimbi halikomi ghafla kwenye kizuizi. Hufifia taratibu ndani yake. Kizuizi kikiwa chembamba, sehemu ya wimbi hutokea upande wa pili, na chembe yaweza kupatikana huko bila kuupanda ukuta. Mwaka 1928, George Gamow aliitumia hoja hii kueleza jinsi chembe za alfa zinavyotoka kwenye kiini cha atomu.

Tuliiteje tendo hili? Kiingereza kimeazima picha ya handaki. Tukitafsiri vivyo hivyo, tutapotosha, kwani handaki huchimbwa. Neno ‘upenyo’ nalo halifai, maana upenyo ni nafasi iliyo wazi. Hapa hakuna tundu lolote.

Tazama maabarani. Miali ya leza inayoelekeana huunda kimia cha mwanga, na atomu zilizopoozwa mno hutulia katika vishimo vyake kama mayai kwenye trei. Leza ikiongezwa nguvu, kuta huinuka na atomu hukwama. Ikipunguzwa, atomu hupenya kutoka kishimo kimoja hadi kingine. Hakuna kilichotobolewa.

Kwa hiyo, ‘upenyaji’ ndilo neno mwafaka: hutaja tendo, si tundu. Mwanafunzi wa Garissa anayezungumza Kisomali nyumbani na kusoma fizikia kwa Kiingereza tayari ana kuta mbili za kuvuka. Istilahi mbovu ya Kiswahili isimjengee wa tatu.