Daudi Alimlilia Sauli



Jumapili moja ya Ukumbusho, baada ya ibada, mzee mmoja wa kanisa alinivuta kando. Akaniambia, "Mchungaji, leo tumewakumbuka waliokufa upande wa Waingereza. Babu yangu alikufa akiwabebea Wajerumani mizigo. Yeye atakumbukwa na nani?" Siku ile sikuwa na jibu.

Vita Kuu ya Kwanza vilitufikia mwaka 1914, kwa kuwa Kenya ilitawaliwa na Waingereza na Tanganyika na Wajerumani. Mpaka uliochorwa na wageni ulikuwa umewagawa Wamasai na Wadigo, ndugu kwa ndugu. Mwezi Machi 1916, katika vilima vya Latema na Reata karibu na Taveta, askari wa KAR, yaani Keya, walipambana na askari Waafrika wa Wajerumani. Nyuma ya majeshi yote mawili walikuwako wapagazi. Hao waliuawa na njaa, kuhara na malaria kuliko risasi. Kwa upande wa Waingereza, jina la kikosi chao limebaki Kariakor hapa Nairobi. Majina yao wenyewe, mengi yamepotea. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri ya kwamba watu wasiopungua 116,000 waliofia upande wa Uingereza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Sasa tazama Ufaransa. Huko Notre-Dame-de-Lorette, karibu na Arras, ulifunguliwa mnara wa ukumbusho tarehe 11 Novemba 2014. Umejengwa kama pete kubwa, na ndani yake yameandikwa karibu majina 580,000 ya waliokufa katika sehemu ile. Mjerumani, Mwingereza na Mfaransa wamepangwa kwa alfabeti tu, bila cheo wala taifa. Aliyeua na aliyeuawa huenda wanakaa mstari mmoja.

Labda utauliza, je, si kuwadharau waliotupigania? La, mpendwa. Hatusemi ya kwamba kila vita ni vya haki, wala kwamba makosa hayakuwako. Soma 2 Samweli sura ya kwanza. Sauli alimwinda Daudi miaka mingi ili amwue. Lakini habari za kifo chake zilipofika, Daudi alirarua mavazi yake, akalia, akafunga hata jioni. Tena aliwabariki watu wa Yabesh-gileadi kwa kumzika Sauli. Hakuona aibu kumlilia adui, kwa maana Sauli naye alikuwa mtu wa Mungu aliyeanguka.

Basi, ndugu yangu, waulize wazee wangali hai: nani katika ukoo wetu alikwenda vitani asirudi? Andika jina lake, upande wowote aliokuwa. Serikali zilimhesabu kama mzigo; Mchungaji Mwema humwita kondoo wake kwa jina.

Mwaka uliofuata mzee yule alisimama mbele ya kanisa akasoma jina la babu yake. Aliyemfuata alisoma jina la babu yake wa Keya. Kisha wakaketi benchi moja.

Tuombe. Ee Bwana, unayewajua wote kwa majina, utufundishe kulia pamoja, ili tusifundishe watoto wetu kuchukiana. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.