Pima Kabla ya Kupokea: Funzo la Dhahabu ya Roma

Je, ulijua kuna sarafu iliyoaminika kwa karibu miaka 700?

Karne ya 3, watawala wa Roma walichanganya shaba kwenye sarafu za fedha hadi thamani ikaanguka na bei zikapanda. Ndipo Constantine akaleta solidus ya dhahabu: sarafu 72 kwa ratili moja ya Kirumi, kila moja kama gramu 4.5.

Lakini matapeli walizikata pembeni, kwa hivyo watu walizipima kwa mizani kabla ya kuzipokea.

Siku hizi tapeli habebi mkasi, anakutumia SMS feki. Tunakusihi: mteja akikuonyesha ujumbe kwamba ametuma pesa, usimpe mzigo bado. Angalia salio lako kwanza. Hiyo ndiyo mizani yako.