Mnyoo wa Baharini Hupewaje Jina?

Nilipokuwa Gorong'a, kule Tarime, mzee mmoja alinisikia nikisema kwamba wako wataalamu ambao kazi yao ni kuchunguza minyoo wa baharini. Akacheka sana. "Mwanangu, mnyoo si ni wa kunywea dawa tu?" Jibu nililompa siku ile halikuniridhisha, ndiyo maana nalirudia wiki hii.

Minyoo ninaowazungumzia si wa tumboni. Wanaishi katika mchanga, matope na matumbawe, na wengine hawazidi punje ya mchele. Mwili wao ni pingili pingili, na pingili nyingi zina vijiguu vyenye nywele ngumu. Mtaalamu humweka mnyoo chini ya hadubini akatazama ncha za nywele hizo, meno ya taya, na pingili ambako matamvua yanaanzia. Kisha humlinganisha na wote waliokwisha kuandikwa, hata kama maandishi yana umri wa miaka mia mbili. Tofauti ikithibitika, huchapisha maelezo, michoro na jina la maneno mawili. Mnyoo mwenyewe hutiwa katika chupa ya spiriti na kuwekwa makumbusho, awe shahidi. Bila shahidi huyo ubishi hauishi.

Kwetu kazi hii si ngeni. Mwaka 1901 na 1902 Mwingereza Cyril Crossland alikusanya viumbe wa bahari Unguja na pwani ya Kenya ya leo. Maelezo yake ya minyoo yalichapishwa London mwaka 1903 na 1904. Mmoja kati ya aliowapa jina ni Eunice tubifex, yaani mjenga mirija.

Ubaya ni jina moja kubandikwa kila mahali. Mwaka 1813 George Montagu alimweleza mnyoo wa pwani ya Uingereza ambaye leo anaitwa Marphysa sanguinea. Kwa miaka mingi jina hilo likatumika kwa minyoo wa karibu bahari zote za dunia. Walipochunguzwa upya, kwa hadubini na kwa vinasaba, ikaonekana ni wa aina nyingi mbalimbali. Sasa fikiria wachimba chambo: wanaweza kuimaliza aina moja kabisa, na vitabu vikaendelea kusema minyoo hao wapo tele.

Mzee wangu hajaiona bahari, lakini Ziwa Victoria analijua, na furu anawajua. Ningemwambia hivi: sangara walipoongezeka miaka ya 1980, aina nyingi za furu zilitoweka katika nyavu za watafiti huko Mwanza. Nyingi hazikuwa na jina rasmi, ila majina ya utani waliyozipa watafiti wenyewe. Wako furu walioandikwa rasmi baadaye, kutokana na wale waliohifadhiwa kwenye chupa. Wengine mpaka leo wangali na jina la utani tu.