Nax ni jiji, lakini wera bado ni kibarua: Jua haki yako kabla nyapara akufute

Nakuru ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, ikawa ya nne Kenya baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Vijana wengi wa Kaptembwo, Rhonda na Free Area walitarajia wera ifuate. Lakini wapi! Wengi bado wako kwa mjengo, kwa boda ama wanatarmac. Sasa, doo ya hii kaunti iko wapi?

Zamani ilikuwa kwa viwanda. Enzi Kenya ikiongoza dunia kwa pareto, maua yote yalikuwa yanaletwa kusagwa hapa Nakuru. Malipo ya wakulima yakaanza kuchelewa, wakaachana na hilo zao, mashine zikakosa kazi. Eveready nayo ikafunga kiwanda chake cha betri mwaka wa 2014, baada ya betri za bei ya chini kutoka nje kujaa sokoni.

Leo mkwanja mkubwa uko Naivasha. Olkaria imekuwa ikitoa stima ya mvuke wa ardhini tangu 1981. Lakini mtambo ukishaanza kuzunguka hauhitaji watu wengi, na wanaotakikana ni mafundi wenye makaratasi.

Wanaoandika maelfu ni mashamba ya maua, ndiyo maana mitaa kama Karagita imejaa. Shida ni kuwa waridi linauzwa Ulaya, na soko la huko ndilo linaamua kama utaitwa kazini. Valentine ikikaribia, mikono yote inahitajika. Oda zikipungua, unaambiwa ungoje simu. Machi 2020, Corona ilipofunga Ulaya, maua yalitupwa na wafanyakazi kibao wakatumwa nyumbani.

Hapo ndipo wengi huchezwa, juu hawajui sheria. Skiza vizuri.

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema hivi: ukifanya kazi mfululizo hadi siku zifike mwezi mmoja, ama kazi yenyewe ni ya kuchukua miezi mitatu na zaidi, wewe si kibarua tena hata kama unalipwa kila jioni. Unahesabiwa kama mtu wa mshahara wa mwezi. Kukusimamisha, bosi anafaa akupe notisi ya maandishi ya siku 28. Ukipitisha miezi miwili mfululizo, unastahili masharti sawa na mtu ambaye hakuanza kama kibarua.

Lakini utahitaji ushahidi. Andika kila siku uliyoingia kazini. Usifute mesej za M-Pesa za malipo. Piga picha kadi ya kazi. Ukifutwa ovyo, peleka malalamiko kwa afisa wa leba ndani ya miezi mitatu, usingoje mwaka uishe.

Una beshte shambani ama kwa mjengo? Mtumie hii kabla msimu uishe.