Likizo ya Ufukweni: Je, Mama Naye Atapumzika?

Mfanyakazi wa mjini akiulizwa aliitumiaje likizo yake iliyopita, aghalabu atajibu kwamba siku kadhaa zilikwisha kwenye kiwanja anachojenga, siku nyingine zilikwisha msibani, na zilizobakia alizitumia kufuatilia karatasi zake katika ofisi mbalimbali. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi wa Tanzania Bara siku zisizopungua 28 mfululizo za likizo yenye malipo kwa kila mwaka wa kazi, sikukuu zikihesabiwa humo humo. Siku hizo ni haki yake. Lakini, ndugu msomaji, ni wangapi kati yetu wanaotenga walau siku tatu kati ya hizo ili kukaa na watoto wao bila ya haraka yoyote?

Swali hili halihusu anasa. Baba wa mjini hutoka alfajiri kuwahi daladala, na akirudi usiku mtoto amekwisha lala. Mama naye, awe ofisini, kiwandani au sokoni, huingia nyumbani jua limekuchwa na kuanza kazi ya pili jikoni. Jumapili kuna nguo za kufua, kuna harusi, kuna kikao cha ukoo. Mtoto wa miaka mitatu au minne hukua akiwajua wazazi wake kama watu wanaopita tu mbele yake, wakimwambia aoge, ale, alale.

Sisi tuishio Dar es Salaam na miji mingine ya pwani tunayo bahari karibu na milango yetu. Hata hivyo wako wengi wanaoamini kwamba kulala ufukweni ni jambo la watalii na wenye magari. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba familia mbili au tatu zenye kipato cha kawaida, zikishirikiana, zinaweza kupata mapumziko ya kweli pamoja na watoto wao wadogo. Mfano wetu ni Bagamoyo.

Kwa nini Bagamoyo?

Mji huu uko kilomita 70 hivi kaskazini ya Dar es Salaam, kwa njia ya lami ipitayo Tegeta na Bunju. Ni mwendo ambao hauwachoshi watoto wala haumalizi fedha zote za safari katika nauli. Malazi yako ya kila namna, kuanzia hoteli za ufukweni hadi nyumba za wageni zilizomo katikati ya mji, na kutoka huko mtu hufika baharini kwa miguu.

Jina lenyewe la mji linafaa kwa msafiri anayetaka kupumzika. Wako wanaosema limetokana na maneno ya wapagazi wa misafara, ambao baada ya miezi ya kutembea kutoka bara walifika hapa, wakatua mizigo na kubwaga mioyo. Wengine husimulia kwa huzuni kwamba ni watumwa ndio waliobwaga mioyo yao hapa, wakijua kwamba baada ya bahari hawataiona tena nchi yao. Mtoto aliyefikia umri wa kwenda shule atauliza maswali, na ni vizuri mzazi amjibu ukweli kwa maneno yanayolingana na umri wake.

Wadogo nao hawakosi cha kutazama. Kilomita chache kusini ya mji yapo magofu ya Kaole, yenye msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya mawe. Katika eneo la misheni ya Wakatoliki, ambao walifika hapa mwaka 1868, umesimama mbuyu mkubwa. Inasimuliwa kwamba zamani mnyororo wa kufungia punda ulizungushwa katika shina lake, ukasahauliwa, na mti ukaendelea kunenepa hadi ukaumeza. Hakuna mtoto atakayekubali kuondoka kabla ya kuonyeshwa mnyororo huo.

Bahari ya Bagamoyo ina tabia yake, na ni vema kuielewa kabla ya kufika. Ufuo ni tambarare. Maji yakipwa hurudi nyuma sana na kuacha uwanja mpana wa mchanga wenye madimbwi, ambamo watoto hushinda wakifukuzana na kaa. Maji hayana ule weupe wa visiwani, kwa sababu mto Ruvu humwaga tope lake baharini kaskazini ya mji. Anayependa maji meupe anaweza kutumia siku moja kwenda Mbudya kwa boti kutoka Kunduchi, au Bongoyo kutoka Msasani. Visiwa hivyo ni hifadhi za bahari tangu mwaka 1975; kwa hiyo watoto waelezwe mapema kwamba kombe na matumbawe hutazamwa na kuachwa pale pale.

Matayarisho

Safari ya namna hii huanza nyumbani miezi sita kabla. Tuchukue mfano wa familia tatu zilizopanga kuondoka pamoja, kila moja ikiweka shilingi 5,000 kwa wiki. Baada ya wiki 26 kila familia itakuwa na shilingi 130,000, na zote pamoja shilingi 390,000. Mfuko huo wa pamoja ndio utakaolipa nauli, chakula na mpishi, na kila familia itajitegemea kwa malazi yake. Wanaocheza upatu wanaufahamu utaratibu huu vizuri. Tofauti ni kwamba safari hii fungu lote linaliwa siku moja na watu wote.

Kuhusu majira, yafaa kuepuka masika, yaani Machi hadi Mei. Likizo ya shule ya katikati ya mwaka huangukia wakati wa kusi, jua si kali sana lakini upepo huchafua bahari. Desemba na Januari ni wakati wa kaskazi, joto ni kubwa, na nyumba za wageni hujaa. Anayechagua miezi hiyo aweke nafasi mapema.

Jambo ambalo familia nyingi hulisahau ni kuzungumza na rafiki zao kabla ya kuondoka. Urafiki wa mtaani ni wa kuonana saa moja na kuagana. Urafiki wa siku tatu chini ya paa moja ni mtihani mwingine. Kubalianeni mapema nani atashika fedha, watoto watalala saa ngapi, na kama mzazi mmoja anaruhusiwa kumkanya mtoto wa mwenzake. Zungumzeni pia juu ya pombe, kwa sababu mtu mzima aliyekunywa hawezi kuhesabiwa kuwa mlinzi wa watoto majini. Jambo hili likisemwa mezani nyumbani halimuudhi mtu. Likisemwa ufukweni, saa tisa alasiri, huvunja safari.

Katika mizigo visikosekane vyandarua, kadi za kliniki na za bima kwa wenye nazo, dawa ya kuongeza maji mwilini kwa mtoto anayeharisha, kofia, na fulana za mikono mirefu za kuingia nazo majini. Jua la kati ya saa nne na saa kumi ni kali. Wakati huo watoto wawe kivulini, wakila na kulala.

Watoto na maji

Hapa, ndugu msomaji, tunaomba usome polepole. Shirika la Afya Duniani lilieleza katika taarifa yake ya mwaka 2024 kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani katika mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto walio chini ya miaka mitano. Wengi wetu tunadhani mtoto anayezama atapiga kelele na kurusha mikono. Kwa kawaida sivyo. Mtoto mdogo huzama kimya, kwa dakika chache, na hata katika maji yasiyofika magotini mwa mtu mzima.

Hatari huwa kubwa zaidi pale ambapo watu wazima ni wengi, kwa kuwa kila mmoja hudhani mwenzake anatazama. Dawa yake ni zamu. Mtu mzima mmoja anapewa nusu saa ya kuwatazama watoto walio majini, bila simu, bila gazeti, bila mazungumzo. Zamu ikiisha humkabidhi mwenzake kwa kumtaja jina na kuhesabu watoto pamoja naye. Mtoto aliye chini ya miaka mitano awe mahali ambapo mlinzi wake anaweza kumshika kwa kunyosha mkono.

Wavuvi wa pwani huijua bahari kwa mwezi. Maji hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, ambapo tofauti kati ya maji ya kupwa na ya kujaa katika pwani yetu huzidi mita tatu. Siku za maji mafu tofauti hiyo hupungua. Familia iliyotembea mbali mchangani wakati wa bamvua inaweza kukuta maji yamekwisha pita nyuma yake na kujaza mifereji iliyovukwa kwa mguu mkavu. Kila asubuhi muulizeni mvuvi saa ya maji kuanza kujaa, na mwe mmerudi nchi kavu kabla ya saa hiyo.

Tyubu za gari na mipira ya kupulizwa ni vitu vya kuchezea. Upepo wa kutoka bara huweza kuvichukua pamoja na mtoto. Katika boti kila mmoja avae boya linalomwenea, hata kama nahodha anasema safari ni fupi. Na endapo ajali itatokea, msimning'inize mtoto kichwa chini wala kumkamua tumbo. Kama hapumui, apuliziwe pumzi mara moja na asindikwe kifua, wakati mwingine akiita msaada. Hata akizinduka apelekwe hospitali. Ni heri watu wazima wawili katika kundi wajifunze huduma hiyo ya kwanza kabla ya safari.

Mapumziko ya nani?

Sasa tufikie swali la kichwa cha makala haya. Katika safari nyingi za familia wanaume huketi chini ya mvinje wakizungumza mpira, watoto hucheza, na wanawake huhamishia ufukweni jiko la mkaa, masufuria na vyombo vichafu. Wakirudi mjini baba husema amepumzika sana. Mama amebadilisha jiko tu.

Katika mfano wetu wa familia tatu, fedha za mpishi ziliwekwa makusudi. Bagamoyo kuna mnada wa samaki hapo hapo ufukweni, na wako mama lishe hodari wa wali wa nazi na samaki wa kupaka. Patana naye bei ya siku tatu, mpe fedha za soko, naye atapata riziki halali wakati wake zenu wanapumzika. Fedha zikiwa hazitoshi, basi wanaume washike zamu ya jikoni. Chai, mayai na mihogo ya kuchoma havimshindi mtu aliyewahi kuishi peke yake.

Yupo na mwingine asiyetajwa kamwe, naye ni binti wa kazi za nyumbani. Mkimchukua, semeni wazi anakwenda kama nani. Akienda kazini, awe na saa zake za kazi na saa zake za kupumzika, ale mnachokula, na asiachiwe watoto wote sita majini ilhali yeye mwenyewe hajui kuogelea. Mkimwacha, mpeni likizo akawaone wazazi wake. Naye ni mfanyakazi, na sheria ile ya siku 28 haikumsahau.

Siku ya pili jioni, jua likipungua nguvu, ndipo utakapoona faida ya gharama yote hii. Baba ambaye mjini hana nafasi atakuwa anachimba shimo mchangani kwa saa nzima, kwa amri ya mtu wa miaka minne. Mama ataketi na shoga zake, dafu mkononi, bila mtu wa kumwita. Watoto wa familia tatu watalala wamechoka, hawajui tena ni yupi wa nyumba ipi.

Likizo yako ijayo ikipangwa, toa siku tatu kabla hujagawa nyingine. Kiwanja hakitahama. Mtoto wa miaka minne, mwaka kesho atakuwa na mitano.