Australodocus, Dinosaria wa Pingili Mbili

Australodocus bohetii ni dinosaria mla majani mwenye shingo ndefu aliyeishi kusini mwa Tanzania ya leo yapata miaka milioni 150 iliyopita, mwishoni mwa kipindi cha Jurasiki. Yote yanayojulikana juu yake yanatokana na pingili mbili za shingo ya mnyama mmoja. Fuvu halipo, wala miguu, wala mkia. Pingili nyingine zilizochimbwa pamoja na hizo zilipotea au kuharibiwa wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Zilifukuliwa Tendaguru, kilima kilichoko kaskazini-magharibi mwa Lindi, wakati wa msafara wa Makumbusho ya Berlin wa mwaka 1909 hadi 1913. Viongozi walikuwa Wajerumani, Werner Janensch na Edwin Hennig, lakini jasho lilikuwa la mamia ya Waafrika. Wao ndio waliochimba, wakafunga mizigo, wakaibeba vichwani na mabegani kwa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, fundi hodari wa kutoa visukuku mwambani bila kuvivunja. Kristian Remes alipoitangaza spishi hii mwaka 2007, aliipa jina la fundi huyo. Ni heshima aliyoistahili kabisa, ingawa ilichelewa karibu miaka mia.

Ukoo wa mnyama huyu ndio unaobishaniwa. Remes alimweka pamoja na jamaa za Diplodocus, dinosaria wembamba wenye mkia mrefu kama mjeledi. Mwaka 2011 John Whitlock alizichunguza upya pingili hizo akaona zinafaa zaidi katika kundi la titanosaurifomu, ambalo ndani yake yumo Giraffatitan, jitu la Tendaguru ambalo kiunzi chake kimesimamishwa Berlin. Tofauti hiyo ni kubwa, lakini inaeleweka. Pingili za shingo za dinosaria hawa zilikuwa na vyumba vya hewa ndani yake, vilivyowapunguzia uzito, na wataalamu hutazama mpangilio wa vyumba hivyo pamoja na umbo la nje ili kutambua ukoo. Kwa pingili mbili tu, alama za kulinganisha huwa chache.

Pingili hizo bado zimehifadhiwa Berlin. Mifupa zaidi ikipatikana katika miamba ya Tendaguru, hapo ndipo ukoo wake utakapothibitishwa.